Kiti cha Pili cha Ndege ya Baba

Sikumaliza kupakwa rangi ya kucha. Binti wa saluni alikuwa amefika kidole cha tatu cha mkono wa kushoto, na mimi nilikuwa nimetulia, tunasimuliana habari za harusi, ndipo harufu ya ile rangi iliponiingia puani sawasawa. Nikainuka. Nikamwambia nimepata udhuru, nitarudi, nikatoka nje nikasimama kando ya barabara, hapo mjini Mbeya, na vidole vitatu vyekundu. Watu wangu wameshanizoea. Mume wangu husema mimi hata kanisani lazima nikae karibu na mlango. Hajui, maana sijawahi kumweleza vizuri, kwamba kazi ya kukaa kwenye kiti niliifanya nikiwa mdogo, nikaimaliza yote.

Ile ndiyo harufu ya ndege. Wengine wakikumbuka Kyela hutaja harufu ya kakao inayochacha chini ya majani ya migomba, na mimi hiyo ninayo pia. Lakini kwetu Bondeni, nyuma ya nyumba ya babu, kulikuwa na banda lililowahi kuwa ghala la kakao, na ndani ya banda hilo baba yangu alikuwa anaunda ndege. Ndege ya kweli, ya kupanda watu. Nalisema mapema kwa sababu nimechoka kuonekana mwongo.

Kabla ya hapo tuliishi Itungi, bandarini, baba akiwa fundi wa injini za meli. Tulikuwa watu watatu, chumba kimoja na baraza, na cherehani ya mama ilikaa barazani. Mama alishona huku akiimba na kujibizana na wapita njia. Meli zilipopungua na kazi ikaisha, baba akatufungasha, tukahamia Kyela mjini kwa baba yake. Babu alikuwa seremala, mjane, mtu wa maneno machache na kofia moja ya kijivu. Aliniita mke wangu, kama mababu wote, na msimu wa kakao alinipasulia tunda nimung'unye ule utamu mweupe wa punje. Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Shida ni kwamba mama alimkimbia.

Alimkimbia kwa miguu. Babu akikohoa kule migombani, mama aliacha alichoshika, akajitanda khanga mpaka machoni, akatokea mlango wa nyuma. Wakikaribia kukutana njiani, mama aliingia kwenye shamba la watu akasubiri humo mpaka apite. Jina lake hakulitaja kamwe. Alimwita "mwenye kofia", basi. Na babu naye, akihisi mama yuko karibu, aligeuka akatazama ukuta mpaka aambiwe njia iko wazi. Wenzangu mliolelewa kule mnajua kwamba hiyo ndiyo heshima ya mkamwana na baba mkwe, ingawa siku hizi wengi wameilegeza. Mimi nilikuwa sijaanza hata shule, na Itungi sikuwahi kuliona jambo hilo. Nilichoona ni watu wawili waliochukiana mpaka wakashindwa kutazamana.

Mama alikuwa Mkisi wa Ikombe, kule chini ya milima ambako watu huenda kwa mtumbwi. Bibi wa huko alifinyanga vyungu, na mama alipoolewa alimpa kimoja. Mama hakukipikia hata mara moja. Itungi kilikaa juu ya kabati. Bondeni kilihamia chini ya kitanda, kimefungwa kwenye khanga pamoja na nguo zake nzuri, na fundo la khanga hiyo lilikuwa fundo la mtu anayesafiri. Nilikuwa najipenyeza chini ya kitanda mara kwa mara kuligusa, nione kama limelegezwa au limekazwa.

Siku moja mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu, isiyo na mzaha, na babu akatokea jikoni ghafla. Mama hakuwa na pa kujificha. Alikimbilia nje, akakaa chini ya migomba hadi babu alipoondoka. Aliporudi ndani alikuwa anatetemeka. Akasimama mlangoni akikamua khanga, akamwambia baba kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina langu, "Baba Tuse, mimi ningekuwa na mabawa ningekwisha fika kwetu zamani."

Baba alikaa akiangalia mikono yake. Haukupita muda mrefu, lori likaleta masanduku kutoka ng'ambo ya mto Songwe.

Kulikuwa na mzungu mmoja upande wa Malawi, mwenye nyumba ya wageni ufukweni, ambaye baba alimtengenezea boti yake miaka mingi. Mzungu huyo alikuwa ameagiza ndege ile inayokuja vipande vipande ili mtu aiunganishe mwenyewe nyumbani. Akaianza, akazeeka nayo, na alipoamua kurudi kwao akampa baba kila kitu: mabomba ya alumini, injini, magurudumu matatu, marobota ya kitambaa, makopo ya rangi, michoro mikubwa kama shuka, na viti viwili. Alikuwa amewahi kumrusha baba kwenye ndege ya rafiki yake na kumwachia usukani, na baba hakupona tena baada ya siku hiyo. Mbavu za mabawa, ambazo zilikuwa za mbao, nyingine zilikuwa zimeliwa na mchwa. Babu akazipima zile nzima kwa mikono yake, akaanza kuchonga nyingine.

Baba alininyanyua nione. Akaniambia hili ni bawa, na hili ni bawa, na hapa watakaa watu.

Nikaelewa yote. Mama ameomba mabawa, baba amemtafutia. Kiti cha mbele ni cha baba, kwa sababu ndiye anayeendesha. Cha pili ni cha mama. Watapaa mpaka Ikombe, mama atateremka na chungu chake, na baba atarudi peke yake, au hatarudi. Kiti changu hakikuwepo. Nilitafuta kwenye kila sanduku, mpaka chini ya nyasi walizofungia vyombo, hakikuwepo.

Basi nikaanza kukikalia kile cha pili. Kilikuwa bado hakijafungwa popote, kimewekwa tu juu ya sanduku, nami nilipanda asubuhi nikijifunga mkanda. Baba alifurahi sana. Aliniita rubani, akawaita majirani waje wanione. Hakuna aliyeniuliza kwa nini rubani analia akiambiwa ashuke. Nilikuwa mtoto wa kukimbia, mtoto asiyekaa mahali, na kile kiti kilikuwa adhabu. Miguu iliniwasha. Nikibanwa na mkojo nilikimbia huku nikitazama nyuma. Nikiwa barazani nawaza kiti, nikiwa kitini nawaza lile fundo la khanga, na hadi leo nikiwa mahali pamoja nusu yangu huwa imeshakwenda kwingine.

Babu peke yake ndiye aliyeniuliza nafanya nini.

"Nalinda," nikamwambia.

"Unalinda nini, mke wangu?"

"Kiti."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la maana, akaendelea kupiga randa.

Banda lilikuwa na utaratibu wake. Babu akiingia alitundika kofia kwenye nguzo ya mlango, na kofia ikiwa pale mama haingii. Mama alikuwa anachungulia kutoka dirisha la jikoni. Kofia ikiondoka, ndipo yeye anakuja, kwa sababu hatimaye alikubali kushona kitambaa cha mabawa. Mwanzo alikataa. Akamwambia baba kwamba yeye anashona sketi za shule na magauni ya kwaya, mambo ya angani hayajui. Baba akambembeleza, akasema kitambaa hicho hawezi kumpa mtu mwingine hapa Bondeni. Wiki nzima mama alijifanya hakusikia, kisha siku moja akaja na mkasi wake.

Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi vile. Alikitandika kitambaa chini, akakizunguka kwa magoti, akakikata bila kusita, akakishona kama foronya ndefu. Kikavishwa bawa kikiwa kinalegea, kibaya, mimi nikafurahi nikidhani kazi imeharibika. Kumbe kitambaa kile hujikaza kwa joto. Mama akawasha pasi yake ya mkaa, akaitemea mate kidogo asikilize inavyolia, akaanza kuipitisha polepole, na makunyanzi yakawa yanatoweka mbele ya macho yangu mpaka bawa likalia kama ngoma ukilipiga kidole. Mama akatabasamu. Mimi nilikasirika. Nilimwona anajishonea safari yake, na anaishona vizuri.

Ikabaki kazi moja. Kitambaa kilitakiwa kushonwa moja kwa moja kwenye kila ubavu, kwa uzi wenye nta na sindano ndefu inayotoboa bawa kutoka upande huu ikatokea upande wa pili. Bawa husimamishwa wima, mtu mmoja huku, mwingine kule, mmoja anasukuma na mwenzake anarudisha. Baba na mama waliianza pamoja. Halafu baba akaitwa Malawi kutengeneza injini ya boti, akatuma salamu kwamba atachelewa. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamevunwa yamekauka, ndiyo mahali pekee pa kuikimbiza ile ndege, na mawingu yalikwisha kuanza kukaa juu ya milima. Mvua ikianza kunyesha, itabidi kungoja mwaka mwingine. Mama alijua baba hatauweza mwaka mwingine.

Akashona peke yake. Alisukuma sindano, akazunguka bawa zima, akaivuta, akairudisha, akazunguka tena. Nilimwangalia kutoka kitini mpaka kichwa kikaniuma. Ndipo babu akakohoa nje.

Nilisubiri mama atoke. Hakutoka. Alisimama akiishika sindano, bawa likiwa katikati yake na mlango. Babu akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, kisha nikaiona kofia inatundikwa taratibu kwenye nguzo. Aliingia kinyumenyume, mgongo mbele, akaja akasimama upande wa pili wa bawa. Akaanza kuongea, si na mimi, wala si na mama.

"Wewe bawa," akasema. "Sindano ikija upande huu, mimi nitairudisha."

Nikajua babu yangu amerukwa na akili. Mama alijitanda khanga vizuri, ingawa hakuna aliyemwona isipokuwa mimi. Kisha akaisukuma sindano. Ikatokea kwa babu, babu akauvuta uzi, akageuza, akairudisha. Wakaenda hivyo kwa muda mrefu, sindano inakwenda na kurudi, hakuna neno. Mimi ndiye niliyekuwa naona pande zote mbili. Jua la mlangoni lilikitupa kivuli cha babu juu ya kitambaa, na mama aliinamisha macho asikitazame.

Baadaye mama naye akaongea, akiwa ameugeukia upande wa cherehani. "Cherehani, uzi huu uvutwe zaidi kidogo." Babu akauvuta zaidi. Babu akalieleza bawa kwamba ubavu unaofuata umekaa upande, sindano iinamishwe. Mama akaiinamisha. Wakazoea. Khanga ya mama ikateremka mabegani, akaiacha.

Walikuwa karibu na ncha ya bawa babu aliposimamisha mkono.

"Wewe bawa," akasema. "Yule anayekushona alilowa mvua siku ile. Nilikuwa na mafua, sauti imenikauka. Nilikohoa, haikutoka. Tangu siku hiyo sijalala vizuri."

Sindano ilikuwa upande wa mama. Haikwenda. Nilimwona mama ameziba mdomo kwa ncha ya khanga, na mabega yake yanatikisika, sikujua kama analia au anacheka. Kisha akaiambia cherehani, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, lugha ambayo mama alikuwa akiisema sokoni tu. Sindano ikaenda.

Ningekuwa na akili za leo ningeshuka kitini siku ile ile. Lakini mimi nilihesabu jambo moja tu, kwamba bawa limekwisha. Baba akarudi, likafungwa la pili, kitambaa kikapakwa ile rangi inayonuka kama saluni nzima imemwagika, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka chakula kikawa na ladha yake. Kiti changu kikafungwa kwa skrubu ndani ya ndege nikiwa nimekikalia.

Siku ya kuitoa, wanaume waliisukuma mpaka shamba la mpunga upande wa kuelekea Itungi. Baba alikuwa ameambiwa na watu wa serikali asiiruke mpaka ikaguliwe, na alikuwa amemuapia mchungaji wa kanisa letu kwamba ataikimbiza ardhini tu, asikie inavyoitika. Sasa ikaonekana kwamba bila mzigo nyuma inainamisha pua. Nikasema mimi nipo. Baba akacheka, akanifungua mkanda, akasema mimi ni unyoya. Akamwita mama.

Nilishika bomba la kiti kwa mikono miwili. Sijui waliniondoaje, najua nilimng'ata mtu. Mama alikuja amejifunga khanga kiunoni, akapanda, akakaa mahali pangu, akajifunga mkanda wangu. Niliitafuta ile khanga yenye fundo miguuni mwake sikuiona, nikaamini ameificha ndani ya bawa. Babu alikuwa amesimama mbali, peke yake, amewapa watu wote mgongo, anatazama upande wa ziwa, kama ilivyompasa mama akiwa hadharani.

Injini ikanguruma. Ndege ikaenda ikirukaruka juu ya mabua, ikafika mwisho, ikageuka, ikarudi. Watu wakapiga makofi. Ikaenda tena, kwa kasi zaidi, na wakati huo upepo wa ziwa ukaja. Nililiona gurudumu la mbele likiacha ardhi. Kisha yote. Makofi yakakatika. Ikapanda mpaka juu ya migomba, na mama alikuwa ndani yake, inaelekea kule kwenye milima, na chini ya milima ndiko Ikombe.

Nilikimbia. Nilikimbia nikianguka kwenye mabua, na mtu niliyemfikia wa kwanza ni babu. Nikamvuta shati kwa nguvu zangu zote.

"Babu, mama anaondoka. Mwambie asiondoke."

Babu akageuka. Naapa aligeuka mzima mzima, kama mtu aliyesahau kila kitu alichofundishwa. Akainua uso. Ndege ilikuwa inapita karibu juu yetu, na yeye akaivua ile kofia yake, akaishika kifuani, akaifuata kwa macho taratibu kutoka upande mmoja wa mbingu hadi mwingine. Sikumwona akipepesa. Kisha injini ikapungua sauti, ndege ikashuka, ikagusa, ikaruka kidogo, ikakwama kwenye tope kando ya mfereji. Watu wakaikimbilia wakishangilia. Babu akavaa kofia yake, akageukia ziwa.

"Umemwona mama?" nikamuuliza.

"Nimeona bawa tu," akasema. "Mshono haujafumuka."

Jioni hiyo baba alikuwa anatembea uani huku na huku, anacheka peke yake, anaogopa mchungaji. Mimi nilikwenda moja kwa moja chini ya kitanda. Khanga ilikuwa imefunguliwa, nguo zimekunjwa, chungu hakipo. Nikatoka mbio nikijua basi, imekuwa. Nikamkuta mama jikoni amechuchumaa mbele ya mafiga, chungu cha bibi kiko motoni, ndizi zimeanza kuchemka, na masizi yameanza kupanda ubavuni mwake. Nikamuuliza mbona amekipikia, si cha safari? Akaniuliza safari gani. Akanipa sahani ya babu nimpelekee, nikaipeleka nikitembea, sikukimbia.

Mtu wa ukaguzi alikuja baadaye, akasifia kila kitu, akakataza kila kitu. Ndege ikavunjwavunjwa. Baba akahamia kwenye wazo lingine, kisha lingine. Mabawa yananing'inia bado darini mwa lile banda, juu ya magunia ya kakao. Babu tulikwisha mzika.

Wiki ile ya saluni nilishindwa kutulia Mbeya, nikateremka Kyela. Mama alivicheka vidole vyangu vitatu. Tulikaa nje, yeye akimenya ndizi, chungu kikiwa cheusi kabisa sasa, na nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza miaka yote hiyo: ulipokuwa kule juu, uliiona Ikombe?

"Ikombe sikuiangalia," akasema. "Nilikuwa naangalia chini. Nimekaa kwake, nimempikia, nimemshonea mashati kwa kukadiria, na nilikuwa sijawahi kumwona mwenye kofia." Akaitupa ndizi ndani ya maji, akachukua nyingine. "Kumbe ana upara, kama wa baba yako."